Gesi ya puto yazua ubishi mezani

KATIKA barua zilizonifikia juma lililopita, moja ilinichekesha kwanza, kisha ikanikalisha kitako nikafikiri. Imetoka kwa mama mmoja wa Nakuru ambaye kifungua mimba wake yuko Kidato cha Tatu na kitinda mimba wake anatimiza miaka mitano mwezi ujao. Mama huyu anataka kumwandalia mwanawe sherehe ndogo nyumbani: keki, soda, watoto wa majirani, na yale maputo yanayoelea hewani yakiwa yamefungwa uzi, si haya ya kupuliza kwa mdomo ambayo huanguka chini kama embe bivu.

Alipoyataja maputo hayo mezani wakati wa chakula cha jioni, ndipo moto ulipowaka. Kijana wake mkubwa, ambaye anajivunia sana somo lake la kemia, alisema kwamba gesi inayotiwa humo ni heli, na kwamba heli ni gesi ajizi: haishiki moto, haina sumu, wala haiungani na kitu chochote. Kaka yake mama huyo, yaani mjomba wa watoto, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika idara ya miale ya hospitali, akaweka kijiko chini. Akasema heli ndiyo miale ya alfa, ile ile inayotoka katika madini ya urani na radiamu, na kwamba yeye hawezi kunyamaza huku mtoto wa dada yake akipewa miale achezee. Kijana akasema mjomba amechanganya mambo. Mjomba akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Wali ukapoa.

Sasa mama anauliza: kati ya hawa wawili, ni nani mkweli? Na je, anunue maputo hayo au asinunue?

Mpenzi msomaji, jibu fupi ni kwamba wote wawili wamesema kweli, na mama anaweza kununua, ingawa kwa masharti nitakayoyataja mwishoni. Lakini jibu fupi halijapata kumpatanisha mtu na mjomba wake, kwa hivyo natuketi tulizungumze.

Kwanza jina. Nimeandika heli, kwa herufi ya L. Wale ambao ndimi zetu hubadilishana L na R bila kuomba ruhusa, mimi nikiwa mmoja wao, tujihadhari. Heri ni kitu kingine kabisa, nacho hakiuzwi kwa mtungi.

Kila kitu unachokigusa kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi mna kiini, na ndani ya kiini mna chembe za aina mbili: protoni na nyutroni. Nje ya kiini huzunguka elektroni. Kinachoifanya heli iwe heli ni protoni 2. Ikiwa na 1 ni haidrojeni, ikiwa na 3 ni lithiamu, na hapo hapana mjadala. Nyutroni lakini zinaweza kupungua au kuzidi bila jina kubadilika, nao ndugu hawa wa elementi moja wanaotofautiana kwa nyutroni ndio wanaoitwa isotopu.

Heli ina isotopu mbili tu zinazodumu. Ya kwanza ni heli-3, yenye protoni 2 na nyutroni 1. Ya pili ni heli-4, yenye protoni 2 na nyutroni 2. Wako ndugu wengine, kama heli-6 na heli-8, lakini hao hutengenezwa katika maabara na nusu yao hutoweka kabla ya sekunde moja kutimia, kwa hivyo tusiwahesabu katika urithi. Na hao wawili wanaodumu hawagawani nyumba sawasawa. Ukichukua atomi milioni moja za heli iliyo hewani, utapata moja hivi tu ya heli-3. Zilizobaki zote ni heli-4. Kwa hivyo mama, puto utakalonunua limejaa heli-4, na huyu ndiye mgeni wetu wa leo.

Sasa basi, huyu heli-4 ni wa ukoo gani? Hapa ndipo ubishi wa mezani unapopatia nguvu zake, kwani jibu hutegemea nani anayeuliza.

Mwanakemia akiuliza, yeye hatazami kiini kamwe. Hutazama elektroni za nje, kwa sababu ndizo zinazoshikana na za atomi nyingine. Heli ina elektroni 2, nazo zimeijaza nafasi yao pomoni, hakuna ya kuazima wala ya kukopesha. Ndiyo maana haiungui, haipati kutu, haigeuki sumu. Kijana wetu amejifunza kwamba makao yake katika jedwali la elementi ni ile safu ya mwisho upande wa kulia, juu ya neoni na argoni. Amesoma vyema. Lakini mwambie afungue kitabu tena atazame jambo moja: neoni na argoni zina elektroni 8 katika tabaka la nje, ilhali heli ina 2 tu, sawa na beriliamu na magnesiamu, ambazo ni metali na zimepangwa upande wa kushoto kabisa. Tungehesabu vidole tu, heli ingeketi na metali. Imepewa kiti kwa tabia yake, si kwa idadi ya elektroni zake.

Na kwa kweli kuna mtu aliyedhani ni metali. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na watazamaji waliokuwa India waliona katika mwanga wa kandokando ya jua mstari wa njano uliokuwa karibu sana na ule wa sodiamu. Oktoba mwaka huo huo Norman Lockyer akauona akiwa kwao Uingereza, bila kungoja jua lipatwe tena, akaupima, akakuta si wa sodiamu wala wa kitu chochote kilichojulikana duniani. Akasema basi ni elementi iliyo juani. Jina akalitoa katika neno la Kigiriki la jua, helios, na kwa kuwa alidhani ni metali, akalitia mwisho ule ule wa sodiamu na kalsiamu. Gesi nyingine za jamii yake zote huishia kwa sauti ya -oni: neoni, argoni, kriptoni, zenoni. Heli peke yake, katika Kiingereza, ingali inavaa koti la metali hadi leo. Kosa la mwaka 1868 limekuwa jina.

Miaka 27 ilipita watu wakimcheka Lockyer kwa elementi yake isiyopatikana. Mwaka 1895, mjini London, William Ramsay alitia asidi katika jiwe lenye urani, gesi ikatoka, na alipoipitisha umeme akauona ule mstari wa njano. Kitu cha juani kilikuwa kimelala ndani ya jiwe wakati wote huo. Zingatia, msomaji, kwamba jiwe hilo lilikuwa na urani. Hapo ndipo mjomba anapoingia.

Mwanafizikia akiuliza heli-4 ni nini, yeye hujali kiini. Na kiini hiki cha protoni 2 na nyutroni 2 kimefungamana ajabu, kuliko viini vyepesi vilivyo jirani yake. Kimeshikana kiasi kwamba kiini kikubwa chenye vurugu, kama cha urani, kinapotaka kujipunguzia mzigo, mara nyingi hakitupi protoni moja moja. Hutupa furushi zima la protoni 2 na nyutroni 2. Furushi hilo linalotoka kasi ndilo lililoitwa alfa, kabla mtu yeyote hajajua ni nini.

Aliyethibitisha ni Ernest Rutherford, akiwa Manchester pamoja na Thomas Royds, mwaka 1908. Jaribio lao ni miongoni mwa yale ninayoyapenda mno, kwani hata mtoto anaweza kulielewa. Walitengenezewa kijibomba cha kioo chembamba sana, chembamba kiasi cha kuziruhusu alfa zipenye lakini gesi isipite. Ndani wakaweka gesi ya radoni, itokayo katika radiamu na itoayo alfa. Nje wakaweka chombo kingine kitupu, wakaondoa hewa yote, wakangoja. Siku ya kwanza hawakuona kitu. Baada ya siku mbili walipopitisha umeme katika chombo hicho cha nje, mstari wa njano ulionekana kwa mbali. Baada ya siku sita, mistari ya heli iling'aa waziwazi. Alfa zilikuwa zimepenya kioo, zikatulia, zikawa gesi ya heli.

Kwa hivyo mjomba hakuota. Kiini cha heli-4 ndicho alfa, na alfa ndiyo kiini cha heli-4. Tofauti ni mbili. Alfa huwa uchi, haina elektroni hata moja, na hutoka kwa mwendo wa yapata kilomita 15,000 kwa sekunde, mwendo ambao risasi ya bunduki haiukaribii hata kidogo. Ikipita hewani hukwaruza atomi inazokutana nazo, na baada ya sentimita chache tu inachoka, inanyakua elektroni 2, inatulia. Tangu hapo haina kisa na mtu. Karatasi moja yaizuia, na hata ngozi yako ya juu iliyokufa yaizuia.

Hatari yake iko pale inapotolewa ndani ya mwili, maana humo hakuna karatasi. Alexander Litvinenko, Mrusi aliyekuwa akiishi London, alikufa tarehe 23 Novemba 2006 baada ya kumeza poloniamu-210, ambayo kazi yake kubwa ni kutoa alfa. Kiasi alichopewa kilikuwa kidogo kuliko punje ya chumvi. Mjomba amefanya kazi mahali ambapo watu hufunzwa kuogopa vitu kama hivyo, na mimi simlaumu kwa kuweka kijiko chini.

Ila heli iliyo katika puto ni alfa zilizotulia zamani za kale. Karibu heli yote tunayoichimba duniani ilizaliwa hivyo: urani na thoriamu zilizomo katika miamba zimekuwa zikitema alfa kwa mamilioni ya miaka, na kila moja ikapoa, ikawa atomi ya heli iliyonaswa katika jiwe. Puto la mtoto limejaa risasi zilizopoa kabla babu yetu wa kwanza hajasimama kwa miguu miwili. Haziwezi kuondoka tena kwa kasi ile. Hazina miale yoyote. Heli-4 haichakai.

Nilidhani hapo ningemaliza, lakini yuko mtu wa tatu ambaye hakuwapo mezani Nakuru, naye ana jina lake la tatu kwa mgeni huyu huyu. Nitamtaja kwa sababu jambo lake lilinigusa mwenyewe.

Mwaka 1924 mwalimu wa chuo kikuu cha Dhaka, Satyendra Nath Bose, alimpelekea Albert Einstein karatasi yake kuhusu jinsi ya kuzihesabu chembe za mwanga. Kutokana na kazi hiyo, chembe zote za ulimwengu zimegawanywa katika makabila mawili. Kabila moja limeitwa bosoni kwa heshima ya Bose, na la pili fermioni, kwa heshima ya Mtaliano Enrico Fermi. Fermioni ni kama abiria wa basi linalofuata sheria: kiti kimoja, mtu mmoja, na aliyekuta kiti kimejaa atafute kingine. Bosoni ni kama matatu ya jioni ya mvua ambapo makanga anasema bado kuna nafasi ya mmoja, na kweli anaingia, na wa pili, na wa mia, wote katika kiti kile kile.

Protoni, nyutroni na elektroni, kila mmoja peke yake, ni fermioni. Lakini zikiungana kwa idadi inayogawika kwa mbili, mkusanyiko huwa bosoni. Hesabu atomi ya heli-4: protoni 2, nyutroni 2, elektroni 2, jumla 6. Ni bosoni. Hesabu heli-3: jumla 5. Ni fermioni. Ndugu wawili wa toka nitoke, wenye kemia moja, nyutroni moja tu imewatenga kabila.

Utauliza, je, kuna anayeona tofauti hiyo? Katika puto, hakuna. Katika baridi kali, ndiyo, tena kwa macho. Heli-4 hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, jambo ambalo Heike Kamerlingh Onnes alilifanya mjini Leiden, Uholanzi, tarehe 10 Julai 1908. Ukiipoza zaidi kidogo, kufikia karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, inabadilika ghafla. Inaacha kuchemka kwa mapovu. Inapita katika tundu ambalo hata gesi ingelipenya kwa shida. Ukiiweka katika kikombe, inatambaa ukutani kwa ndani, inavuka ukingo, inashuka kwa nje na kudondoka chini mpaka kikombe kinabaki kitupu. Pyotr Kapitsa mjini Moscow, na John Allen pamoja na Donald Misener mjini Cambridge, waliyatangaza hayo katika gazeti moja la sayansi mwanzoni mwa mwaka 1938, na mwaka huo huo Fritz London akasema ni kwa sababu heli-4 ni bosoni: abiria wengi mno wameketi kiti kimoja na sasa wanatembea kama mtu mmoja. Heli-3 ikipozwa kiasi hicho haifanyi mizaha hiyo. Iligunduliwa mwaka 1972 kwamba nayo huweza, lakini kwenye baridi kali mamia ya mara zaidi, na baada ya atomi zake kujipanga mbili mbili kwanza. Watu watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo mwaka 1996.

Jambo jingine: heli haigandi. Maji yanaganda, hewa yenyewe inaganda, lakini heli katika kanieneo ya kawaida hubaki kimiminika hata uipoze namna gani. Ndiyo maana hakuna kitu kingine cha kuchukua nafasi yake pale inapotakiwa baridi ya mwisho.

Na inatakiwa wapi? Miaka michache iliyopita mamangu mzazi aliumwa na mgongo hata akawa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Daktari akataka apigwe picha ya MRI. Tulipofika katika hospitali tuliyoelekezwa, ambayo sitaitaja, tuliambiwa mashine imepoteza gesi, turudi baada ya majuma matatu. Mimi, mtu mzima na kitambulisho changu, nilidhani ni gesi ya kupikia. Nikauliza kwa nini wasitume mtu kituo cha petroli. Mhudumu alinitazama kwa huruma, akaeleza kwamba ndani ya lile pipa ambamo mgonjwa husukumwa akiwa amelala chali mna sumaku ya waya, na kwamba waya huo hupitisha umeme bila kupotea hata kidogo mradi tu uwe umezamishwa katika heli ya kimiminika. Mashine nyingi za aina hiyo hubeba lita zaidi ya 1,000. Sumaku ikipata joto kwa bahati mbaya, heli yote huchemka kwa dakika chache na kutokea juu ya paa kwa bomba.

"Heli ile ya maputo?" nikamuuliza.

"Ile ile, mzee."

Majuma matatu yalikuwa matano. Mama alilala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, kwa kuwa kitanda kilimtesa, nami kila usiku nikipita mlangoni nilimsikia akigeuka. Picha ilipopigwa hatimaye, ilionekana kisahani cha uti wa mgongo kimetoka mahali pake, akatibiwa, na leo anatembea hadi sokoni na kurudi na kikapu chake. Lakini tangu siku hizo siwezi kuliona puto likiponyoka mkononi mwa mtoto nikalitazama kama zamani.

Kwa sababu haliji tena, msomaji. Maji yakimwagika hupanda, huwa mawingu, hurudi. Heli ni nyepesi mno, haiungani na kitu cha kuizuia, hivyo hupanda juu ya hewa na mwishowe huponyoka kabisa kwenye dunia na kupotea angani. Katika ulimwengu mzima heli ni elementi ya pili kwa wingi, na nyingi ilitengenezwa katika dakika chache za mwanzo kabisa wa ulimwengu, na jua letu lingali linaipika kila sekunde. Ila hiyo ya huko si yetu. Katika hewa tunayovuta zimo atomi 5 tu hivi za heli kwa kila milioni, na kuzichuja ni ghali kupita kiasi. Iliyobaki ni ile iliyonaswa chini ya ardhi, aghalabu pamoja na gesi nyingine.

Waliogundua hilo walikuwa wamechukizwa. Mwaka 1903, katika kijiji cha Dexter, jimbo la Kansas, Marekani, gesi ilifoka kutoka kisimani na wanakijiji wakaandaa sherehe ya kuiwasha. Wakasukuma nyasi kavu zinazowaka hadi kwenye gesi, moto ukazimika. Wakajaribu tena, ukazimika tena. Watu wakarudi nyumbani vichwa chini. Mwaka 1905 wanakemia wa chuo kikuu cha jimbo hilo, Hamilton Cady na David McFarland, wakapata katika gesi hiyo heli karibu sehemu 2 katika 100. Marekani ikawa tajiri wa heli kwa bahati hiyo, ikaifungia nyumbani kwa sheria, na tarehe 6 Mei 1937 ndege-puto ya Wajerumani iitwayo Hindenburg, iliyojazwa haidrojeni kwa kukosa heli, iliteketea huko New Jersey na watu 36 wakafa.

Siku hizi Marekani na Qatar ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya heli ya dunia. Juni 2017, majirani wa Qatar walipoifungia mipaka, viwanda vyake vya heli vilisimama kwa muda, na wasimamizi wa hospitali na maabara katika nchi za mbali wakaanza kukuna vichwa. Nasi tuna habari ya karibu zaidi. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chemchemi za bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, hutoa mapovu yenye heli nyingi ajabu, na makadirio ya wakati huo yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Sababu ni Bonde la Ufa lenyewe: joto la volkeno huchemsha miamba ya kale sana, na heli iliyokuwa imelala humo tangu zamani hutoka. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa huko Itumbula kilileta gesi yenye heli hadi juu ya ardhi. Mama, najua nawe uko katika Bonde la Ufa, lakini tafadhali usianze kuchimba ua wako.

Sasa turudi kwenye sherehe. Masharti yangu ni haya. Muulize muuzaji akuonyeshe mtungi, na usome maandishi yake kwa macho yako, kwani katika nchi nyingi wako wauzaji wanaojaza haidrojeni kwa kuwa ni rahisi. Puto la haidrojeni huelea vizuri pia, huwezi kulitofautisha kwa kulitazama, lakini likikaribia mshumaa wa keki ni mlipuko. Hata akikuapia kwamba ni heli, weka mishumaa mbali na maputo. Usimruhusu mtoto, wala huyo kijana wako wa kemia, avute gesi ili aongee kwa sauti ya bata. Heli haina sumu, lakini haina oksijeni, na mtu akiivuta anaweza kuzirai kabla hajajua, ama mtungi ukampasua mapafu kwa nguvu zake. Vipande vya puto lililopasuka viokotwe mara moja, maana mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni.

Usinunue maputo hamsini. Nunua matano, moja kwa kila mwaka wake, na ufunge uzi kwenye kiti au kwenye mkono wa mtoto, kwa fundo la kweli. Kabla ya keki kukatwa, mpe kijana nafasi ya kueleza kwa nini heli haiungui, kisha mpe mjomba nafasi ya kueleza ilitoka wapi. Kijana aanze kwa kumwomba mjomba wake radhi. Naye mjomba apewe kipande kikubwa, kile chenye sukari nyingi juu.